Kufunga fomula bila kuwafungia watu kazi: jibu kwa mweka hazina wa Sikonge

Mweka hazina wa kikundi cha wafugaji nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Tunatumia Excel kukokotoa malipo ya wanachama wanaoleta asali. Tuko watatu tunaoingiza kilo kwenye kompyuta moja, na kila msimu ninakuta baadhi ya fomula zimefutwa au mtu ameandika tarakimu juu yake. Nilijaribu kufunga safu ya malipo peke yake, lakini karatasi nzima ikagoma, hata sehemu ya kilo haikukubali kuandikwa. Nifanyeje ili fomula zisiguswe na kazi iendelee? Na je, neno la siri linatosha kumzuia mtu mwenye nia mbaya?"

Marahaba, ndugu yangu. Lililokupata huwapata karibu wote wanaofunga karatasi ya Excel kwa mara ya kwanza, na chanzo chake ni kimoja. Katika Excel kila seli huanza ikiwa tayari ina alama ya kufungwa, iwe ina fomula, iwe ina jina la mwanachama, iwe haina kitu. Ila alama hiyo haifanyi kazi yoyote mpaka ulinzi wa karatasi uwashwe. Wewe ulichagua safu ya malipo ukaipa alama ambayo ilikuwa nayo tangu mwanzo, kisha ukawasha ulinzi, na seli zote za karatasi zikafungwa kwa pamoja. Kwa hiyo kazi yako halisi ni kuchagua seli za kuachwa wazi. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni utaratibu tu.

Nitaeleza kwa mfano unaofanana na kazi yenu. Tuseme karatasi ya malipo ina safu A ya namba ya mwanachama, B ya jina, C ya idadi ya ndoo, D ya uzito wa jumla kama ulivyosomwa kwenye mizani, E ya uzito halisi baada ya kutoa uzito wa ndoo tupu, F ya thamani ya asali, G ya makato ya mkopo wa mizinga, H ya hisa, na I ya malipo ya mwisho. Wanachama wanaanzia mstari wa 5. Bei ya kilo na uzito wa ndoo tupu nimeviweka kwenye karatasi ya pili niliyoiita Viwango, bei ikiwa katika seli B3 na uzito wa ndoo katika B2. Fomula ya uzito halisi itakuwa =IF(D5="","",D5-C5*Viwango!$B$2), ya thamani itakuwa =IF(E5="","",E5*Viwango!$B$3), na ya malipo itakuwa =IF(F5="","",F5-G5-H5). Sehemu ya mwanzo ya kila fomula inaamuru seli ibaki tupu ikiwa bado hakuna kilichoandikwa, na faida ya jambo hilo nitaieleza baadaye.

Utazame ubaya wa tarakimu iliyoandikwa juu ya fomula, kwa sababu wenzako wakiuelewa watakubali kufuli bila kunung'unika. Mwanachama ameleta ndoo 3, mizani imesoma kilo 76.1, ndoo tupu moja ina kilo 1.1, kwa hiyo uzito halisi ni kilo 72.8, na kwa bei ya mfano ya shilingi 8,000 thamani yake ni shilingi 582,400. Mwandishi mmoja, kwa nia njema kabisa, anakokotoa kwa kikokotoo cha simu na kuandika 582,400 mahali pa fomula. Jibu ni sahihi, na hakuna anayeona kasoro. Kesho yake wanagundua kwamba mizani ilisomwa vibaya, uzito ulikuwa kilo 86.1, nao wanasahihisha safu ya D. Uzito halisi unapanda hadi 82.8, lakini thamani inabaki palepale wakati ilipaswa kuwa shilingi 662,400. Mwanachama huyo amepoteza shilingi 80,000, na karatasi haioneshi dalili yoyote ya kosa. Niliwahi kusaidia kikundi kimoja hapa Tabora mjini kilichokuwa na tatizo kama hili, na kilichoniumiza ni kwamba mama aliyepunjwa ndiye aliyeonekana msumbufu kwa wiki mbili nzima, hadi tulipobofya seli ile na kukuta haina fomula ndani yake.

Kwa sababu hiyo usifunge chochote kabla hujasafisha. Fungua faili, uhifadhi nakala yake kwa jina jingine, kisha uchague safu za E, F na I kuanzia mstari wa 5 hadi wa mwisho. Bonyeza kitufe cha F5 kwenye kibodi, bofya "Special", halafu uchague "Constants". Excel itakuonesha papo hapo seli zote ndani ya safu hizo zenye kitu kilichoandikwa kwa mkono mahali pa fomula. Ikikujibu kwamba hakuna seli iliyopatikana, umesalimika. Ikikuonesha seli, zijaze upya kwa kuburuta fomula kutoka kwenye mstari ulio sahihi. Njia nyingine ni kubonyeza Ctrl pamoja na alama iliyo juu ya kitufe cha Tab, upande wa kushoto wa tarakimu 1. Karatasi nzima itaonesha fomula badala ya majibu, na tarakimu tupu itajitokeza katikati yake. Ukibonyeza tena, karatasi inarudi kama ilivyokuwa.

Usafi huo uende pamoja na kuhakiki fomula zenyewe, kwa maana kufuli hulinda fomula mbovu kwa uaminifu uleule linaolinda nzuri. Wachumi wawili wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa mwaka 2010 andiko kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi lililonukuliwa na watunga sera wa nchi nyingi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipopata lahajedwali lao la Excel aliona kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49, na hivyo nchi 5 zikaachwa nje ya hesabu. Kasoro ya aina hiyo ipo pia katika vikundi vyetu: jumla ya chini inaishia mstari wa 60, ilhali wanachama wameshafika 75. Chukua wanachama watatu, kokotoa malipo yao kwa kalamu na karatasi, ulinganishe na kompyuta. Kisha angalia kwamba fomula za jumla zinafika hadi mstari wa mwisho kabisa mnaoutumia.

Sasa kufunga kwenyewe. Bofya pembe ya juu kushoto ya karatasi, pale safu A na mstari wa 1 vinapokutana, ili seli zote zichaguliwe. Bonyeza Ctrl na 1, nenda kwenye kichupo cha "Protection", uondoe tiki mbele ya "Locked", halafu bofya OK. Hapo umezifungua seli zote. Baadaye bonyeza F5, kisha "Special", na safari hii uchague "Formulas". Excel itazichagua seli zote zenye fomula, hata zile ulizozisahau. Bila kugusa mahali pengine, bonyeza tena Ctrl na 1 na urudishe tiki ya "Locked". Vichwa vya safu na majina ya wanachama navyo uvipe tiki hiyo kwa mkono, kwa kuwa havina fomula lakini hakuna sababu ya kuvibadilisha siku ya kupokea asali. Hatimaye nenda kwenye menyu ya "Review", bofya "Protect Sheet", na ulinzi utawaka. Seli za ndoo, uzito wa jumla, makato na hisa zitapokea maandishi. Zilizofungwa zitakataa kwa ujumbe. Utagundua pia kwamba kitufe cha Tab sasa kinarukia seli zilizo wazi tu, jambo linalompunguzia mwandishi uchovu mkubwa siku ya foleni ndefu.

Ushauri wangu ni kuzipaka seli zilizo wazi rangi hafifu, kwa mfano njano, kabla ya kuwasha ulinzi. Mtu akijua kwa macho mahali pa kuandika, hatakutana na ujumbe wa kukataliwa kila baada ya dakika mbili, wala hatapata hamu ya kutafuta namna ya kuliondoa kufuli.

Kwenye dirisha hilo la "Protect Sheet" kuna orodha ya mambo unayoweza kuyaruhusu, nayo inahitaji uamuzi. Kuchagua seli zilizofungwa mimi huliacha likiwa na tiki, ili mwanachama yeyote akitaka kujua malipo yake yametoka wapi, aoneshwe fomula. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri utumie alama ya "Hidden", iliyo chini ya ile ya "Locked", ambayo huficha fomula zisionekane karatasi ikiwa imelindwa. Ina mahali pake katika kampuni inayolinda siri ya biashara. Katika kikundi ambacho asali ni ya wanachama na hesabu ni ya wanachama, kuificha njia ya hesabu ni kuwanyima haki yao.

Ruhusa ya kupanga mistari kwa herufi au kwa ukubwa huwadanganya wengi. Ukiiwekea tiki, Excel bado itakataa kupanga endapo hata seli moja katika eneo hilo imefungwa, na kwenu safu tatu za fomula zimefungwa. Badala yake washa vichujio kabla ya kuwasha ulinzi, kisha uruhusu "Use AutoFilter". Mtaweza kuchuja wenye mkopo au wa kijiji fulani, mradi mna safu ya kijiji, bila kusogeza mstari hata mmoja. Kuongeza mistari nako ni mtego. Ukiruhusu mstari uongezwe, unaingia mtupu bila fomula, na kuufuta baadaye hutaweza ukiwa una seli zilizofungwa. Na kama data yako umeiweka katika umbo la jedwali rasmi la Excel, jedwali hilo halitajirefusha lenyewe wakati ulinzi umewashwa. Ndiyo maana nilitaka fomula zibaki tupu pasipo na data: andaa mapema mistari 120, kuanzia wa 5 hadi wa 124, uijaze fomula zote, uache majina ya nafasi za akiba yakiwa wazi, ndipo ufunge. Mwanachama mpya akija, mstari wake upo unamngoja.

Nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo linalowasumbua hata zaidi ya kufutwa kwa fomula. Ufungaji hauwezi kuzuia fomula kuharibika kwa njia ya kukata na kubandika. Tuseme uzito wa mtu wa mstari wa 9 umeandikwa kimakosa kwenye D7. Mwandishi anaukata kwa Ctrl na X, anaubandika kwenye D9, na seli zote mbili ziko wazi, kwa hiyo Excel inakubali. Lakini kukata, kwa Excel, maana yake ni kuihamisha seli pamoja na viunganishi vyake: fomula ya E7 iliyokuwa ikisoma D7 sasa itasoma D9, nayo ya E9 itapoteza seli iliyokuwa ikiisoma na kuandika #REF!, yaani kosa la kukosa seli ya kusoma. Fomula zimebadilika ilhali zimefungwa, na hakuna aliyevunja kufuli. Kuburuta seli kwa kipanya huleta madhara yaleyale. Waambie wenzako waandike upya tarakimu mahali pake na kuifuta ile ya kwanza kwa Delete. Ni tarakimu moja, haichukui muda. Kunakili kwa Ctrl na C hakuhamishi viunganishi, ila kuna hila yake nyingine: ukinakili seli iliyofungwa na kuibandika kwenye seli iliyo wazi, hali ya kufungwa inahamia huko pia, na kesho mtu atashangaa kwa nini seli ya njano imegoma. Atakayelazimika kubandika achague kubandika thamani peke yake.

Karatasi ya Viwango ni moyo wa hesabu yote, kwa hiyo ilindwe peke yake, seli zake zote zikiwa zimefungwa, na bei ibadilishwe pale tu mkutano unapoamua. Baada ya hapo, katika menyu ileile ya "Review", bofya "Protect Workbook". Ulinzi wa aina hii hauhusu seli. Unazuia karatasi isifutwe, isipewe jina jipya, isihamishwe wala kufichwa. Bila huo, mtu anaweza kuifuta karatasi ya Viwango nzima kwa mbofyo wa kulia, na kila fomula kwenye malipo ikageuka #REF! kwa mara moja.

Seli zilizo wazi nazo zinahitaji kizuizi, maana kufuli haliangalii kinachoandikwa ndani yake. Kabla ya kuwasha ulinzi, chagua D5 hadi D124, nenda menyu ya "Data", bofya "Data Validation", uchague "Custom", kisha uandike =D5<=C5*31. Nimetumia 31 kwa sababu lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ina asali ya kilo 28 hivi, na ukijumlisha ndoo yenyewe na nafasi kidogo ya ziada unafika 31. Mtu akiandika 861 badala ya 86.1 kwa ndoo 3, Excel itakataa, na wewe unaweza kuandika ujumbe kwa Kiswahili: "Uzito umezidi idadi ya ndoo, soma mizani tena." Kizuizi hiki hufanya kazi kwa kinachoandikwa kwa kibodi, kinachobandikwa hupita bila kuulizwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kukataza kubandika. Mahali palipo wazi juu ya karatasi ongeza fomula =ROUND(SUM(F5:F124)-SUM(E5:E124)*Viwango!$B$3,0). Jibu lake liwe sifuri daima. Likiwa tofauti na sifuri, kuna thamani isiyotokana na kilo, na malipo yasitoke mpaka ijulikane ni ipi.

Kuhusu neno la siri, ni lazima nikujibu bila kukuficha. Ulinzi wa karatasi umetengenezwa kwa ajili ya mkono unaoteleza. Faili la Excel la aina ya xlsx kwa ndani ni furushi la mafaili madogo ya maandishi, na ulinzi wa karatasi ni alama iliyoandikwa katika mojawapo. Mwenye ujuzi wa wastani na nia mbaya anaweza kuiondoa bila kulijua neno lako la siri. Isitoshe, anaweza kunakili yaliyomo na kuyapeleka kwenye faili jipya. Kwa hiyo kwa karatasi ya malipo weka neno fupi ambalo nyote mnaoaminiana mnalijua, au usiweke kabisa. Lengo ni mtu atulie na kufikiri kabla ya kugusa fomula. Kwa Viwango weka neno tofauti linaloshikwa na wewe na mwenyekiti.

Kufuli la kweli ni la kuzuia faili lisifunguliwe. Hilo linapatikana kwenye "File", kisha "Info", kisha "Protect Workbook", kisha "Encrypt with Password", na hapo yaliyomo yote yanageuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila neno la siri. Excel hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na neno hilo likipotea hata Microsoft hawawezi kulirudisha, kwa hiyo liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na viongozi watatu, na kuwekwa pamoja na nyaraka nyingine za kikundi. Hata hivyo kufuli hili linamzuia asiye na neno la siri tu. Mmoja wenu watatu akitaka kuiba, analo tayari. Dawa ya hilo iko nje ya kompyuta: kila jioni ya kupokea asali, chapisha orodha ya uzito, kila mwanachama asaini mbele ya kilo zake, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti. Tarakimu ikibadilishwa usiku, karatasi yenye saini itasema.

Mkihamia Google Sheets, mtakuta kufunga kunafanyika kwa watu badala ya maneno ya siri: katika menyu ya "Data" unachagua "Protect sheets and ranges", unataja eneo, kisha unataja anwani za barua pepe za wanaoruhusiwa kulihariri, na historia ya mabadiliko inaonesha nani alibadilisha nini na lini. Kwa kikundi chenye intaneti ya uhakika ningelipendelea hilo. Kwa ofisi ambayo mtandao unakuja na kuondoka, kompyuta moja yenye Excel iliyofungwa vizuri inatosha, alimradi nakala ya faili inahifadhiwa kwenye flashi kila jioni na flashi hiyo hailali chumba kimoja na kompyuta.

Ukishamaliza kufunga, mwite yule mwenzenu asiye na uzoefu kabisa, umkalishe mbele ya kompyuta na nakala ya majaribio, umpe ndoo kumi za kubuni za kuingiza, nawe ukae pembeni bila kumsaidia. Kila atakapokwama, andika. Utafungua kufuli mara mbili tatu kurekebisha, na ni afadhali ufanye hivyo sasa kuliko siku ambayo wanachama wamepanga foleni na asali yao.